Kutoka Bandani hadi Ukumbini: Siku Nane za Fundi wa Pangani

Jumatano: Pangani hadi Dar es Salaam

Kabla ya kufunga mlango nilimulika bandani kwa tochi ya simu. Jike mweupe wa chumba cha tatu, mwenye mkia uliofunguka kama upepeo, alikuwa ameyalalia mayai yake mawili, akanitazama kwa jicho moja kwa ile shaka ambayo njiwa hawaiachi hata kwa mtu aliyewalisha miaka kumi na mitano. Yai la pili lilitagwa siku kumi zilizopita. Njiwa hulalia siku 17 au 18 baada ya yai hilo, kwa hiyo hesabu yangu inaangukia Jumatano ijayo, siku ambayo, Mungu akipenda, nitakuwa njiani kurudi.

Mzigo wangu ni sanduku moja na mfuko mkubwa ambao sikukubali uwekwe chini ya basi. Ndani ya mfuko mna magauni kumi na mawili ya satini ya zambarau, yenye utepe wa lesi ya dhahabu shingoni na mikononi, sare ya mama na mashangazi wa bibi harusi, ambaye ni mtoto wa mdogo wangu anayeishi Unguja. Nimeyashona kwa wiki tatu. La mwisho nililimaliza jana saa tano usiku, nikafagia vipande vya satini, nyuzi na mabaki ya lesi yaliyokuwa chini ya cherehani, nikavitupa uani kama nifanyavyo kila siku.

Mji wetu ni mdogo, umekaa kwenye mlango wa mto, na kila mtu anajua mwenzake anapenda nini. Mimi huniita Mama Njiwa, na wanaona ajabu kwamba mwanamke anayeamka alfajiri kukwangua mavi ya ndege ndiye huyohuyo anayesafiri siku mbili ili akawatazame wanawake waliojipamba wakimtunza mwimbaji. Wao wanaona mapenzi mawili; mimi naona jicho moja. Njiwa niliwarithi kwa mjomba wangu, nahodha wa jahazi aliyekuwa akipeleka nazi na boriti Unguja, na yeye ndiye aliyenipeleka huko kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa, nikakaa miguuni pa wanawake wa harusini na kutazama pindo za nguo zao zikipita mbele ya pua yangu.

Nilitaka kumpelekea bibi harusi jozi ya njiwa weupe. Afisa mifugo alinieleza kwa upole kwamba ndege wanaovushwa kwenda visiwani wanahitaji kibali na cheti cha afya, na kwamba mambo hayo hayafanywi siku mbili kabla ya safari. Njiwa wamebaki. Anayewatunza ni kijana wa jirani, mwenye miaka kumi na minne, ambaye nimemwandikia karatasi: mtama na choroko asubuhi, mahindi yaliyoparazwa jioni, maji safi mara mbili, maganda ya kome yaliyosagwa yasikosekane, na mlango ufungwe kabla ya magharibi kwa sababu ya ngawa.

Basi limepita Muheza, ambako abiria wote wamenunua machungwa kana kwamba wameamrishwa, kisha Segera, Mkata na daraja la Wami. Njia nzima mfuko ulikuwa mapajani.

Tumefika Dar es Salaam mchana, na mtoto wa kaka yangu akanipokea. "Shikamoo shangazi, umebeba maiti?" aliniuliza alipoona ninavyoukumbatia mfuko. Hatukupumzika. Nilitaka tuwahi Mtaa wa Uhuru kabla maduka ya kanga hayajafungwa, kwa sababu bibi harusi wa kwetu hawezi kuolewa bila kanga za kisutu, zile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambazo mapambo yake hayabadiliki hata mitindo mingine ije na kwenda. Nimenunua doti tatu. Nitazikata na kuzipinda mwenyewe, maana kanga isiyopindwa ni aibu ya fundi.

Hapo dukani ndipo huwa nawajibu, kimoyomoyo, wale wanaonitania. Nguo tunayovaa tangu kuzaliwa hadi kufunikwa ina jina la ndege. Masimulizi ni kwamba katika karne ya kumi na tisa, karibu na mwisho wake, wanawake wa pwani walinunua leso zilizochapwa katika jora moja la kitambaa, wakazikata sita sita, wakaziunga tatu kwa tatu zikawa vazi moja. Baadaye wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa, na ile ya mwanzo, yenye madoa meupe juu ya giza, ikafananishwa na manyoya ya kanga wa porini. Wapo wanaosema jina lilitoka kwenye kelele za kanga, eti wanawake waliovaa nguo hizo walipiga domo kama ndege hao. Maelezo hayo nayaachia wanaume walioyatunga. Mtu aliyepata kushika unyoya wa kanga mkononi, akaona jinsi kila doa lilivyokaa mahali pake bila kugusana na jirani yake, hahitaji maelezo mengine.

Alhamisi: Baharini

Boti imeondoka asubuhi, na safari ya saa mbili hivi imekuwa ya utulivu, isipokuwa kwa mama mmoja aliyetapika kabla hatujatoka bandarini kwa sababu ya hofu tu.

Tulipokuwa tukitoka kwenye mlango wa bandari nilisimama upande wa Magogoni na kunyoosha shingo kuelekea Ikulu, nikitumaini kuona tausi. Sikuwaona, wala sikupata kuwaona hata mara moja katika safari zangu zote, lakini kila mara natazama. Tausi wa Ikulu ni mashuhuri. Mwaka 2020 Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu baadhi yao, na siku hiyo wateja wangu walikuja wakiniuliza kama na mimi ningependa kupewa. Nilisema hapana. Tausi ni mzuri, lakini uzuri wake anaujua mno, na sauti yake ni ya mtu aliyeibiwa. Njiwa wa mkia wa upepeo anajipamba kwa kiasi cha nyumba ya kawaida.

Unguja. Mdogo wangu amenipokea bandarini, tukapanda daladala hadi Mwembetanga, na kabla sijavua viatu tumefungua mfuko sebuleni. Magauni yametandikwa juu ya mkeka, wanawake wa nyumba wakayazunguka, ukimya ukapita, kisha vigelegele. Fundi hulipwa kwa fedha, lakini ule ukimya unaotangulia vigelegele ni malipo mengine.

Halafu mdogo wangu akaanza kuhesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Dada," alisema, "tumekuwa kumi na watatu."

Shangazi wa bwana harusi amewasili jana kutoka Maskati, baada ya miaka kumi na minane, na haiwezekani mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya harusi aketi bila sare. Satini ilikuwepo, kwa kuwa mdogo wangu alinunua mita za ziada. Lesi haikuwepo hata shubiri moja. Nikakumbuka ufagio wangu wa juzi, na vipande vyote vya lesi ya dhahabu, vingine vya urefu wa mkono mzima, nilivyovitupa uani kwa watu wasiovihitaji.

Ijumaa: Darajani

Nimezunguka maduka ya Darajani tangu saa tatu hadi waumini walipoanza kuelekea msikitini, nikiwa na kipande cha mkono wa gauni kwenye pochi. Wauza nguo wa Darajani ni wastaarabu sana, na wote wana namna moja ya kusema kwamba kitu hakipo, nayo ni kukuletea kitu kingine. Nimeletewa lesi ya fedha, ya shaba, ya maziwa, na moja ya dhahabu yenye maua makubwa ambayo ingefaa pazia. Mwishowe mzee mmoja amenipatia utepe ambao upana wake ni sawasawa, na ufumaji wake ni sawasawa, ila dhahabu yake imeelekea wekundu, kama chai iliyozidi majani. Ukiitazama peke yake huoni tofauti. Ukiiweka kando ya mwenzake unaona, na mimi nimekwisha kuviweka pamoja, kwa hiyo sitaacha kuona.

Usiku nimeshona. Cherehani ya nyumbani hapa ni ya mkono, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa, na satini ni nguo inayoteleza kama samaki aliyepakwa mafuta. Huyu mama wa Maskati nilimpima baada ya magharibi. Ni mrefu, ana mabega mapana na mwendo wa mtu ambaye maisha yake yote hakuharakishwa na yeyote. Nikaamua rinda lake nilikate kwa mshazari, nyuzi zikapita kimshazari kwenye mwili badala ya kushuka moja kwa moja, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hivyo huanguka na kufuata mwendo, hakisimami kama boksi. Kinakula nguo nyingi zaidi. Mdogo wangu alinong'ona kwamba kazi hiyo ni ya anasa kwa mgeni mmoja. Nilimjibu kwamba mwendo kama ule ukivalishwa gauni la kukata moja kwa moja ni dhambi.

Kijana alipiga simu saa nne. Kunguru wawili wameanza kukaa juu ya paa la banda. Nilimwambia aondoe makombo yote uani na afunge wavu wa dirisha la juu.

Jumamosi: Hina

Siku ya leo imepita ndani ya chumba kimoja. Bibi harusi ameketi juu ya mkeka, somo wake, mama anayemfunda, amempaka singo mwili mzima, ile ya liwa, karafuu na maua yaliyosagwa kwa marashi, akisugua taratibu mpaka unga ukadondoka na ngozi ikabaki inang'aa kama imepigwa pasi. Kisha hina. Mchoraji ni binti wa miaka ishirini na mbili asiyezungumza kazini. Ameanza kwa hina nyekundu viganjani na nyayoni, kisha piko nyeusi juu ya mikono, mashina na majani yakipanda hadi viwikoni, naye hakuchora mstari hata mmoja kwanza ili aufuate. Nimekaa ubavuni pake saa tatu. Niliwaza jinsi sisi mafundi tunavyotegemea chaki na pini, na yeye ana kitu kimoja tu cha kumwongoza, nacho ni kujua mahali pa kuacha ngozi tupu.

"Mama mkubwa, utachoka," bibi harusi aliniambia.

Nilimwambia nimezoea kutazama. Ni kweli. Mjomba alinifundisha kukaa mbele ya banda bila kufanya lolote, kwa sababu njiwa mgonjwa hajulikani kwa kumshika, hujulikana kwa kutazama nani amechelewa kushuka kula, nani ameacha kujichambua manyoya, nani amekaa na bawa moja chini. Alinifundisha pia jinsi wazazi wote wawili wanavyopokezana mayai, dume likiingia asubuhi iliyokwisha kuiva na kutoka alasiri, jike likilala hadi asubuhi nyingine. Ukiona mpangilio huo umevunjika ujue kuna jambo. Leo saa tisa nilimpigia kijana kumuuliza nani amelalia. "Baba, Bibi," alijibu. Basi hakuna jambo.

Jioni wanaume wamekwenda msikitini kwa ajili ya akdi, nasi tukasikia imekwisha kwa vigelegele vilivyoanzia nyumba ya mbele na kuja mtaa mzima hadi kwetu.

Jumapili: Ukumbini

Hii ndiyo siku niliyoijia, na nitaiandika kwa kirefu.

Mlangoni kuna mabuibui. Wanawake mia mbili hivi wanaingia wakiwa weusi tangu utosini hadi kisigino, na wakishavuka pazia la pili wanayavua, na ukumbi unawaka. Mtu asiyejua mambo yetu akisimama nje ataona msururu wa watu waliofanana. Ndani, nimehesabu vikundi saba vya sare: vya kijani cha pistachio, vya waridi, vya buluu ya bahari, vya maziwa na dhahabu, na katikati, meza ya mbele, zambarau yangu. Harufu ya udi ilikuwa nzito kiasi kwamba mtu angeweza kuitundikia nguo.

Na kuna udi mwingine, ule wenye nyuzi, uliokuwa mikononi mwa mzee wa kikundi cha taarab aliyeketi pembeni pamoja na wenzake, macho yake yakiwa chini kwa adabu. Palikuwa na fidla mbili, kodiani, dumbaki, na kanuni moja, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, iliyonifurahisha kuliko vyote, kwa kuwa siku hizi harusi nyingi huridhika na kinanda cha umeme na vipaza sauti vya kupasua masikio. Mdogo wangu alipambana na wakwe zake juu ya jambo hili. Vijana walitaka rusha roho, taarab ya kisasa ya kucheza. Yeye akasema rusha roho itakuja saa tano, lakini bibi harusi ataingia kwa taarab ya kukaa na kusikiliza. Nilimuunga mkono. Sichukii mipasho, na nimecheka sana kwa mipasho mingine, lakini mdundo wake unakulazimisha kucheza hata kabla hujasikia maneno, na taarab ya zamani inakuacha utazame.

Mama wa Maskati aliketi karibu nami. Alinieleza kwamba bibi yake alikuwa akisimulia habari za Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyekuja mjini na vyungu, ambaye mwaka 1928 alivuka kwenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili muziki ambao kabla yake mabwana wa kasri walikuwa wakiusikiliza kwa Kiarabu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimtuma mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, kikundi ambacho bado kipo. Na baada yao wanawake wakauchukua muziki huo na kuuleta ukumbini, mahali hapa, kwenye vigelegele. Siku hizi kipo hata kikundi cha wanawake watupu, wapigaji na waimbaji, kilichoanzishwa na Bi Mariam Hamdani, na jina walilojipa ni Tausi. Nilicheka. Nikamweleza juu ya shingo yangu niliyoinyoosha bure pale Magogoni.

Bibi harusi aliingia saa tatu. Kichwa chini, hatua moja, kituo, hatua nyingine. Dakika kumi nzima kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, na hakuna aliyeona ni nyingi. Gauni hilo sikulishona mimi, na nitasema kweli kwamba mkia wake ulikuwa mrefu kupita kiasi na ulikusanya vumbi, lakini juu ya mabega yake palikuwa na kisutu, pindo zake nilizozipinda kwa mkono Alhamisi usiku, na nyekundu ile ilizishinda taa zote.

Kisha mwimbaji akasimama. Shairi la taarab lina mizani zake, nane kwa nane, na mwimbaji mzuri huyakalia maneno, huurudia mshororo mpaka aliyetumiwa salamu ajijue. Ukumbi huu ulikuwa na watu wasiosalimiana. Katika mji wowote huwa hivyo. Ulipofika ubeti wa jirani mwenye kijicho, mwanamke wa kundi la kijani aliinuka, noti ya elfu kumi imebanwa kati ya vidole viwili, akauinua mkono juu ya kichwa, akaanza kwenda mbele. Hakutembea. Alijivuta, nusu hatua nusu hatua, akizunguka kidogo huku na huku ili meza fulani ya upande wa kushoto isije ikasema haikuona. Alipofika aliiweka noti mkononi mwa mwimbaji, akasimama hapo kwa mshororo mzima, akarudi vilevile.

Ninamjua mtu anayetembea hivyo. Ni dume la chumba cha tatu. Anapotaka kuonekana hujaza shingo upepo mpaka manyoya yang'ae kijani na zambarau, huburura mkia, hugeuka nusu duara, na huku anaguna neno lake lilelile ambalo jike analijua tangu zamani. Hakuna anayemwuliza kwa nini. Yule wa kijani naye hakuna aliyemwuliza, ingawa meza ya kushoto ilielewa kila kitu, kwa maana dakika mbili baadaye iliinuka na noti tatu.

Sasa gauni langu la kumi na tatu. Nilikuwa nimepanga, kwa ujanja mdogo, kwamba mama wa Maskati aketi upande wa ukutani, mbali na taa, ili ile lesi yake iliyoiva zaidi isisimame kando ya zile kumi na mbili. Lakini kanuni ilipoanza wimbo mmoja wa zamani aliinuka kabla ya wote, akapita katikati ya ukumbi, mkono wa kulia umeinuliwa, mkono uleule, na lesi ileile mbele ya macho ya wanawake mia mbili. Nilitamani sakafu. Halafu nikaona rinda. Kile kitambaa cha mshazari kilikuwa kinamfuata kwa kuchelewa kidogo, kila hatua ikija na wimbi lake nyuma, na wimbi hilo likifika pindoni kabla hajaanza hatua nyingine. Mwendo wake wa kutoharakishwa ulikuwa umepata nguo yake. Wanawake wa meza ya waridi waligeuka wote kwa pamoja. Baada ya harusi wawili walinifuata kuuliza kama lesi ya dhahabu nyekundu inauzwa wapi.

Tulilala saa tisa usiku.

Jumatatu: Mji Mkongwe

Nimeamka adhuhuri. Jioni nimetembea hadi Forodhani, nikapita mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, ambalo sehemu yake ilianguka mwishoni mwa mwaka 2020. Nilisimama kidogo, nikaondoka. Sipendi kuitazama ilivyo.

Katika kichochoro kimoja nyuma ya Ngome Kongwe nilisikia ngurumo ninayoijua, nikainua macho. Juu ya dari ya nyumba ya ghorofa mbili palikuwa na mabanda ya mbao yaliyopakwa chokaa. Nilibisha hodi bila haya. Mzee mwenye kofia ya kiua alinipandisha juu, akanionyesha njiwa wake thelathini na kitu, na tukazungumza hadi magharibi kama watu waliopoteana.

Anao wa mkia wa upepeo wawili, na aliufungua mkia wa mmoja mbele yangu kwa vidole, kama mtu anayefungua kitabu. Njiwa wa kawaida ana manyoya ya mkia kumi na mawili. Hawa huwa na thelathini hadi arobaini. Wamefanywa hivyo na watu, alisema, kwa kuchagua na kuchagua tena kwa miaka mingi sana, na gharama yake ni kwamba hawaruki vizuri, na kipanga akija wao ndio wa kwanza. Hilo nalijua kwa kuzika. Ndiyo maana wangu amekutanishwa na dume la kijivu la kawaida, lenye mabawa ya kweli. Nataka makinda yenye mkia wa kutosha kupendeza na bawa la kutosha kukimbia.

Kuhusu kunguru alikuwa na hasira iliyopangwa vizuri. Kunguru hawa wa Bara Hindi, alisema, hawakuja wenyewe. Waliletwa hapa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na tangu hapo wakavuka kwenda pwani nzima ya bara na kuyamaliza mayai ya ndege wadogo. Dawa yake ni wavu, kufagia makombo, na kupanga mlango wa banda uwe mwembamba kiasi kwamba njiwa aingie kwa kujibana na kunguru aogope kubanwa. Kisha akanionya jambo la mwisho, ambalo mjomba pia alikuwa akilirudia: nyuzi. Njiwa anapojenga kiota huokota chochote kirefu, na uzi ukimzunguka kinda mguu, mguu unakua na uzi haukui.

"Wewe ni fundi," alisema. "Kwako ni hatari mara mbili."

Jumanne: Kurudi Dar es Salaam

Bahari imechafuka na sikuandika. Nimelala kwa mtoto wa kaka yangu. Kijana anasema kunguru wameondoka baada ya kufunga wavu, na kwamba mama ndiye aliyekuwa kiotani alipofunga mlango.

Jumatano: Nyumbani

Nimefika saa kumi alasiri. Sanduku liliachwa barazani, nikaenda bandani na buibui langu. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi aliyefaulu.

Kinda moja limeanguliwa asubuhi. La pili lilikuwa linatoboa, ncha ya mdomo ikionekana kwenye ufa. Lile la kwanza ni kama kidole gumba, limefunikwa na manyoya machache ya njano, halijafumbua macho, na ni baya kwa namna ambayo imenifanya nicheke kwa sauti. Dume ndilo lililokuwa kiotani, kwa sababu zamu ya jike ilikuwa haijafika. Lilikuwa limeanza kulilisha kwa yale maziwa mazito ambayo njiwa, baba na mama, huyatoa kooni mwao siku za mwanzo.

Nilipoinamisha taa niliona kitu kinang'aa chini yao. Katikati ya vijiti vya mnazi na majani makavu ya kashia kulikuwa na lesi ya dhahabu. Si kipande kimoja: vitatu, vimefumwa kwa ustadi, kimoja kirefu kikizunguka ukingo wa kiota chote kama pindo. Dhahabu yenyewe, ile isiyo na wekundu, niliyoitafuta Darajani tangu saa tatu hadi wakati wa Ijumaa. Dume lilikuwa limeiokota uani baada ya mimi kuondoka na kumletea jike, naye akaiongeza huku akiwa tayari amelalia, kama wafanyavyo.

Kijana alisema, "Bibi, amepamba."

Nilimtuma alete mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Dume lilinipiga kofi la bawa mara mbili, la kweli, likaniachia alama nyekundu juu ya mkono, na sikulirudisha nyuma, nilingoja litulie, nikakata tena. Ilinichukua karibu saa nzima kuitoa kipande kwa kipande bila kuligusa yai lililokuwa likipasuka. Ile ya ukingoni, ambayo haikuwa karibu na miguu, niliitazama muda mrefu kuliko nyingine, kisha nikaikata pia.